Majipu ya Ua Wetu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo mchana, bila hodi. Nilikuwa na mteja uani, nusu ya kichwa imesukwa, nusu iko wazi kama shamba lililokimbiwa. Ikabidi tubebe vigoda tukimbilie ndani, yeye ameshika kichwa, mimi nimeshika kitana na kopo la mafuta.

Nimeamua kuandika. Tangu mume wangu afariki, mwaka wa pili huu, maneno yangu yamekosa pa kwenda. Hapa kwa kaka yangu sikosi chakula wala heshima. Kaka ni fundi bomba, anaondoka asubuhi na mkoba wake wa spana. Wifi yangu anafanya kazi kwenye tanuri la mikate, hutoka watu wakiwa bado wamelala. Jioni wakirudi wanaongea wao, wanachoka wao, wanacheka wao. Mimi ni shangazi wa watoto. Shangazi huulizwa, "Mtoto amekula?" na akijibu ndiyo, mazungumzo yamekwisha.

Mtoto mwenyewe ana miezi minane. Nimempa jina Pamba kwa wepesi wake. Ndiye ninayeongea naye mchana kutwa. Hajibu, lakini pia hanikatizi.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Vichwa vitatu. Mafua yangu ya kila msimu yamerudi, napenga mpaka masikio yanaziba.

Jumapili, 9 Machi

Binti mkubwa wa kaka ana miaka tisa na tunamwita Wakili, kwa sababu ukimwambia akaoge anakuuliza ni kwa kosa gani. Leo ameamka na kipele chini ya pua. Kufikia jioni kimepasuka, kinatoa maji, na yale maji yakikauka yanafanya kigaga cha manjano, kama asali iliyomwagika ikaganda.

"Umejikwaruza?" nikamuuliza.

"Sikumbuki, na siwezi kukiri nisichokikumbuka."

Nikamfuta kwa taulo, nikampaka mafuta kutoka kopo langu la kazi. Kipele cha mvua tu hicho. Kitapita.

Ijumaa, 14 Machi

Hakikupita. Sasa viko vitano, kidevuni, pembeni mwa mdomo, kimoja mpaka kwenye kiwiko. Mwalimu amemrudisha nyumbani na barua: asije mpaka vikauke. Watoto wa Mama Pacha, jirani yetu wa chumba cha pili, nao wamepata. Wale hawajawahi kupishana kwa jambo lolote, hata kuugua wameugua siku moja.

Ua wetu una vyumba sita, bomba moja, bafu moja, kamba moja ya nguo. Mvua imetufungia humu kama vifaranga kwenye tenga. Watoto wanalala wanne kitanda kimoja, na taulo halipati nafasi ya kukauka kabla halijamfuta mwingine.

Jumanne, 18 Machi

Kaka ameota jipu pajani. Anatembea kama bata. Wifi alimwigiza mlangoni, tukacheka mpaka tukashika mbavu, na mimi nikiwemo. Kisha wakaingia chumbani kwao, nami kwangu.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimesema neno na limepokelewa vizuri kupita kiasi.

Chumba cha mwisho, karibu na lango, alihamia mwanamke mmoja mwezi uliopita. Ni wa rika langu, kazi yake kufulia watu nguo, na kwa vile hakuna aliyemuuliza jina, sote tunamwita Dobi. Yuko peke yake. Salamu anaitikia, lakini haongezi neno. Mikono yake ina makovu kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko, meusi, yamekunjamana.

Nilikuwa namsuka Mama Pacha kibarazani. Wanawake wengine wawili walikuwa wakisubiri zamu. Dobi akapita na karai kichwani.

"Umeiona mikono ile?" Mama Pacha akaniuliza, chini chini.

"Nimeiona."

"Na vidonda vimeanza lini humu ndani?"

Mmoja wa waliokuwa wakisubiri akahesabu kwa vidole. "Baada ya yeye kuhamia."

"Na nguo za nani anazifua? Zetu," akasema Mama Pacha.

Wakaniangalia wote. Mimi ndiye mkubwa wao kwa umri, na msusi husikilizwa; mtu uliyemshika kichwa hana pa kukimbilia. Nikachovya vidole kwenye mafuta, nikasema, "Ndiyo maana wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako."

Wakacheka. Wakapigiana makofi. Mama Pacha alitikisika hata mstari wa nywele ukanipotea. Muda mrefu sijachekesha watu. Nilijiona kama mtu aliyekaribishwa kiti karibu na moto.

Jumatatu, 24 Machi

Neno langu limeshafika kwenye vyumba vyote. Nguo zimeanza kurudishwa kutoka kwa Dobi zikiwa chafu vilevile.

Jumatano, 26 Machi

Wamenituma mimi. "Wewe ndiye mkubwa wetu, mwambie wewe." Ni kweli, na pia nilipenda kutumwa.

Nilimkuta bombani anajaza ndoo.

"Dobi, kuna jambo wenzako wamelizungumza."

"Wamelizungumza na nani?"

"Wao kwa wao. Wanaomba uwe unachota maji baada ya watu wote. Na nguo zako uanike upande wako, pale ukutani. Kwa sababu ya watoto."

Alifunga bomba kwanza. Ndoo ilikuwa haijajaa.

"Wewe mwenyewe unaonaje?" akaniuliza.

"Mimi nimetumwa tu."

"Mjumbe hauawi," akasema. Akanyoosha mikono yake miwili mbele yangu, karibu kabisa, kama anayeonyesha bidhaa. "Hii ni pasi ya makaa. Niliangukiwa na meza ya kupigia pasi, makaa na yote, nikiwa kijana. Nakwambia wewe ili usiseme hukuambiwa."

Akabeba ndoo yake ya nusu akaenda. Nilirudi kwa wenzangu nikawaambia amekubali. Habari ya pasi sikuisema.

Jumamosi, 29 Machi

Wakili alipewa dawa zahanati, akapona, akarudi shule siku mbili. Leo vimetoka upya, shingoni, palepale nywele zinapoanzia. Mama Pacha naye ana jipu utosini, hawezi kulalia mto. Wateja wangu wawili wamelalamika vipele vya kisogoni. Nikawauliza nguo zao zilifuliwa na nani.

Jumatano, 2 Aprili

Pamba ana jipu kwapani. Dogo, kama punje ya mahindi, lakini jekundu na la moto. Nimelikanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Alilia mpaka akalala mdomo wazi, mate yananitiririkia begani.

Ijumaa, 4 Aprili

Naandika asubuhi hii kwa sababu sijui nifanye nini kingine. Nyumba haina mtu, ila Wakili aliyelala.

Jana Wifi alipoondoka kwenda kazini jipu lilikuwa limeiva, kichwa cheupe. Pamba hakutaka kunyanyua mkono. Nilimkumbuka mama yangu, alikuwa akitukamua majipu sote na tukapona. Nikanawa? Sikumbuki. Nadhani nilijifuta. Nikamlaza mapajani, nikambana mkono, nikakamua. Usaha ulitoka kidogo tu, kilichobaki kikarudi ndani. Kilio kile sijawahi kukisikia kwa mtoto.

Mchana akawa wa moto. Nikamwogesha. Akawa wa moto zaidi. Alasiri hakutaka chupa, na wekundu ulikuwa umetoka kwapani ukashuka mbavuni, umevimba, unang'aa. Nilimwita naye hakugeuka. Macho yalikuwa wazi lakini hayanitafuti.

Nilitoka na mtoto mikononi, mvua inanyesha, nikasimama katikati ya ua. Mama Pacha alichungulia, akaona ile ngozi, akavuta watoto wake ndani. Simlaumu. Aliyetoka ni Dobi. Hakuniuliza kitu. Alichukua shuka safi iliyokuwa imeanikwa ndani kwake, akatufunika, akatangulia mbele yangu mpaka barabara kuu, akasimamisha gari kwa kusimama katikati ya njia. Tulipopanda alibaki pale, amelowa.

Hospitali walimchukua kutoka mikononi mwangu kabla sijamaliza kutaja jina lake. Wifi alifika na unga wa tanuri kwenye nyusi. Daktari akatuambia vijidudu vya jipu vimeingia kwenye damu, watalipasua jipu na kumwekea dawa ya mshipa, tusubiri.

"Lilipasuka lenyewe?" Wifi akaniuliza.

"Nililikamua."

"Ulilikamua?"

"Wifi, nilitaka kumpunguzia maumivu."

 Alijifuta unga usoni kwa mikono miwili, akauangalia viganjani. Kaka alipokuja, alipita mbele yangu kwanza kwenda kwa mkewe, jambo ambalo ni haki, kisha akaniambia, "Dada, nenda nyumbani ukamwangalie Wakili."

Wakili alikuwa amekaa kitandani kwangu. Aliniuliza, "Atakufa?" bila hoja yoyote, bila vipengele. Nikamwambia hapana. Nilikuwa namdanganya, na nadhani alijua.

Jumapili, 6 Aprili

Bado yuko na dripu. Sijaitwa hospitali. Nimefua nepi zake zote, zilizokuwa safi pia.

Jumanne, 8 Aprili

Amekuja muuguzi wa zahanati, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, ana kisanduku begani. Amesema hospitali imemwandikia: ua mmoja, wagonjwa tisa, wanapona na kurudi. Lazima kuna mahali ugonjwa unalala.

"Mahali gani?" nikamuuliza.

"Ndicho nilichokuja kutafuta."

Akatuita mmoja mmoja. Kijiti chenye pamba, anakiingiza puani, anakizungusha, anakitia kwenye kichupa. Watoto walichekeshwa. Mama Pacha alipiga chafya mara sita. Zamu yangu ilipofika nilimnong'oneza, "Usimsahau yule wa chumba cha langoni. Huyo ndiye wa kwanza kumpima." Akaniangalia kidogo, akasema hasahau mtu.

Dobi alitoka, akakaa kwenye kigoda, akainua uso mwenyewe. Watu wote walisimama milangoni kumtazama. Mimi pia.

Alhamisi, 10 Aprili

Pamba amenyonya. Kaka ndiye aliyeniambia, amesimama mlangoni, hakuingia.

Jumamosi, 12 Aprili

Vichwa viwili. Mikono inafanya, mimi siko.

Jumatano, 16 Aprili

Muuguzi amerudi saa nne. Hakusimama uani kama nilivyotarajia. Aliingia chumbani kwangu, akarudishia mlango.

"Mama, wewe ndiye msusi?"

"Ndiye."

"Kaa basi. Yule wa chumba cha langoni hana kitu. Puani kwake pasafi."

"Haiwezekani," nikasema. "Mikono yake—"

"Mikono yake inakaa kwenye sabuni na maji ya moto kutwa nzima. Natamani wote mngekuwa kama yeye." Akafungua daftari lake. "Kwako vijidudu wapo. Wengi. Na dawa zilizoshindwa kuwaua wale wa mtoto, ndizo hizohizo zimeshindwa kuwaua wa kwako. Ni walewale."

Nilimwambia amechanganya vichupa. Nikavuta mikono ya gauni, nikamwonyesha shingo, nikamwonyesha miguu. "Nitazame. Mimi sina hata kipele kimoja! Ua mzima umeoza, mimi pekee ndiye mzima."

"Ndiyo maana hakuna aliyekushuku," akasema kwa upole. "Watu wengi wanawabeba hawa puani, wao wenyewe hawaumwi. Wanakaa tu. Mtu akijifuta pua, wanahamia mkononi. Mkono ukigusa ngozi yenye mchubuko, wameshapata nyumba. Nionyeshe unavyofanya kazi."

Nikamwonyesha. Kitana kimoja. Taulo moja la kufuta shingo. Kopo la mafuta, na alama za vidole vyangu bado zimo, mashimo matatu. Nilipokuwa nikimweleza pua ikaniwasha, na mkono wangu ukapanda wenyewe, mgongo wa kiganja, ukafuta, ukashuka kuelekea kopo. Tukauona sote wawili. Ukasimama hewani.

"Ni mimi niliyemtia mtoto?" nikamuuliza.

"Siwezi kuapa kwamba ulianza wewe. Pengine mmoja wao alikupa wewe mwanzo, wewe ukawarudishia wote. Ugonjwa huu haupendi wachafu wala wasafi, unapenda watu wanaogusana. Na humu ndani, mama, hakuna anayegusa watu kama wewe."

Alinipa marhamu ya kupaka puani, asubuhi na jioni, siku tano. Sabuni ya dawa ya kuogea, kwa nyumba nzima. Kucha fupi. Kila mtu na taulo lake, yachemshwe. Kidonda kifunikwe. Kopo la mafuta nitupe, na kuanzia sasa nichote kwa kijiko. Nisisuke mtu, na mtoto akirudi nisimshike, mpaka anipime tena.

"Mpaka lini?"

"Wiki mbili, tatu."

Alipotoka nilikuta nimeshakaa juu ya mikono yangu, nimeikalia kama mtu anayezuia kitu kisitoke.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimewaambia. Nilingoja wote wawili wakae, nikasema yote, na habari ya kopo.

Kaka alisema, "Hukujua, Dada."

Wifi alisema, "Hakujua." Akaliangalia shati lililokuwa mapajani mwake, akaendelea kulishona kifungo. Kisha akainuka, akaingia chumbani kwangu, akatoka na godoro dogo la Pamba, na njuga yake, na kopo lake la unga. Ilichukua safari moja tu. Sikujua vitu vyake ni vichache hivyo.

Ijumaa, 18 Aprili

Marhamu, siku ya pili. Pamba amerudi. Nimemsikia.

Jumamosi, 19 Aprili

Siku ya tatu. Yuko upande wa pili wa ukuta. Analia kilio cha njaa, ambacho ni tofauti na cha usingizi, na Wifi anambembeleza kama wa usingizi. Nilitaka kupiga kelele, "Njaa hiyo!" Nikagonga ukuta. Wakanyamaza wote wawili. Baadaye kidogo nikasikia kijiko.

Jioni nilikwenda kwa Dobi. Mlango wake ulikuwa wazi. Chumba kizima kina kamba, shuka za hospitali fulani zinaning'inia, kwa maana wenzangu walipomnyima kazi alikwenda kuitafuta mbali. Nilisimama kizingitini, nikamweleza. Kwamba ni mimi. Kwamba lile neno la nguo nililisema mimi. Kwamba habari ya pasi niliinyamazia. Nikamwomba radhi.

Alikuwa anakamua shuka. Alimaliza kuikamua.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Ulinisema kibarazani, watu wanacheka," akasema. "Radhi unakuja kuniomba chumbani, tukiwa wawili."

Akaitundika shuka kambani.

"Mimi nilijua si mimi. Hilo sikuhitaji kuja kuambiwa. Wasiojua wako kule nje."

Jumapili, 20 Aprili

Nimefanya. Asubuhi, wakati wote wako bombani na ndoo. Nilipanda kibarazani. Nikashika nguzo, kisha nikakumbuka mikono, nikaiachia.

Nikasema, "Jamani. Majibu ya muuguzi yametoka. Dobi hana ugonjwa wowote, na hajawahi kuwa nao. Ile mikono ni pasi, aliniambia tangu zamani nikawaficha. Mwenye vijidudu ni mimi. Viko puani mwangu. Niliwapaka kwa vidole hivi, na mafuta, nyinyi na watoto wenu. Nyani haoni kundule. Basi."

  Bomba lilikuwa linatiririka kwenye ndoo iliyojaa na hakuna aliyelifunga. Mama Pacha alipeleka mkono utosini taratibu, pale kwenye jipu, akaushusha. Akasema, "Na mtoto wa kaka yako, uliyekaribia kumuua?" Mwingine akamvuta nguo. Mwingine akasema, "Kile kitana nilichokuazima naomba nirudishiwe." Nikamwambia nimekichoma. Akasema sawa.

Wakili ndiye aliyefunga bomba. "Amekiri mwenyewe," akawaambia watu wazima, "mwacheni." Lakini alibaki kulekule bombani, hakuja upande wangu.

Dobi alikuwa mlangoni pake. Alisikia mpaka mwisho, akaingia ndani.

Jumatatu, 21 Aprili

Hakuna kichwa. Jumanne pia, najiandikia kabisa mapema: hakuna.

Jumapili, 27 Aprili

Wakili amekauka. Kaka anakunja goti. Mapacha wamerudi shule siku moja, kama kawaida yao. Kila dirisha lina taulo lake, jekundu, bluu, la mistari, ua umekuwa kama una sherehe ambayo sikualikwa. Kaka amefunga bomba la pili karibu na bafu, la kunawia tu, na kipande cha sabuni amekitundika kwenye wavu kisiibwe. Watu wananawa. Nikikaribia, wanamalizia upesi.

Alhamisi, 1 Mei

Nimemwona Pamba kupitia mlango. Ametambaa. Nilikuwa nimengoja hicho kitu tangu Februari, na kimetokea nikiwa upande wa pili. Aliniona, akacheka, akaanza kuja. Nikafunga mlango. Akaugonga kwa kiganja, pa, pa, mpaka alipokuja kuchukuliwa.

Jumanne, 6 Mei

Muuguzi amepita na majibu. Puani mwangu hamna kitu. "Uko huru, mama. Ila mkono na maji visiachane." Nilimshukuru mara nyingi mno, akanishika bega. Mtu wa kwanza kunigusa kwa siku ishirini. Nililia mbele yake bila aibu, akangoja.

Jioni nilimwambia Wifi. Alisimama na mtoto kiunoni.

"Nimefurahi, wifi," akasema. "Nasema kweli. Nakujua unavyompenda." Akambadilisha mtoto upande. "Kichwa changu kimekubali. Mikono yangu ndiyo bado. Nivumilie."

Nikamwambia nitavumilia. Pamba alikuwa ananinyooshea vidole. Nikaificha mikono yangu nyuma, ili asichanganyikiwe.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua zimepungua. Nimeweka kigoda kibarazani tangu asubuhi, sabuni, jagi, vitana vitatu vilivyochemshwa, mafuta na kijiko chake. Wamepita. Wamenisalimu vizuri sana.

Jumatatu, 12 Mei

Leo saa tisa alasiri Dobi alitoka chumbani kwake bila karai. Alikuja moja kwa moja mpaka kibarazani, akavua kitambaa cha kichwa. Nywele zake nimeziona leo kwa mara ya kwanza, nyingi, za mvi, zimejifunga mafundo nyuma.

"Unasuka?" akaniuliza.

"Nasuka."

Mama Pacha alikuwa anaanika nguo. Akaacha kuanika.

Nikamwambia Dobi, "Nashukuru kwa—"

"Usishukuru. Sijaja kukusamehe, hilo nalifikiria bado. Nimekuja kusukwa. Tangu nihamie hapa hakuna aliyenisuka, na mkono wangu haufiki nyuma."

Nikanawa. Aligeuka akaniangalia nikinawa, kidole kwa kidole, mpaka kwenye viwiko, sabuni mara mbili. Hakusema inatosha. Nilipomaliza ndipo akakaa kwenye mkeka, mgongo kwangu, kati ya magoti yangu.

Mafundo yale yalinichukua saa nzima. Sikumvuta. Nilipotaka kupiga chafya nilisimama, nikaenda mpaka kwenye bomba la Kaka, nikanawa upya, nikarudi. Naye alikuwa ananingoja bila kugeuka. Aliniambia mambo mawili matatu, kwamba shuka za hospitali zina damu isiyotoka kwa maji moto, ni baridi tu. Kwamba alikuwa na dada yake, ndiye aliyekuwa akimsuka. Nikauliza dada yuko wapi. Akasema hayupo tena. Nikamwambia mume wangu pia.

Baada ya hapo hakusema kitu. Nilidhani nimemuudhi. Kisha nikaona shingo yake imelegea, na kichwa kikalala taratibu juu ya paja langu, kizito, chenye joto, na pumzi ikawa ndefu. Alikuwa amesinzia.

Upande mmoja ulikuwa bado haujasukwa. Niliweka kitana chini na sikukigusa tena mpaka alipoamka.